Miaka 11 nabisha kwamba sikoromi, mpaka mke wangu aliponirekodi. Wakuu, kwa nini mtu hukoroma usingizini?

Mzee_wa_Mto (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tangu nioe naambiwa nakoroma, na tangu nioe nabisha. Hoja yangu niliiona nzito: mtu anapigaje kelele zote hizo halafu mwenyewe asisikie? Juzi mke wangu akachoka na ubishi, akaweka simu kwenye stuli upande wangu wa kitanda, akarekodi. Asubuhi hakusema neno, akanipa simu na spika za masikioni, akaenda zake.

Ile si sauti ya binadamu. Inaanza kama mtu anaburuta meza kwenye sakafu chumba cha pili. Inapanda, inapanda, halafu inakatika ghafla. Kimya. Kisha "khaaa!", kama mtu aliyezamishwa majini akaibuka, na meza inaanza kuburutwa upya.

Nimenyoosha mikono. Naomba mnisaidie: mtu anapokoroma, kule kooni kunatokea nini hasa? Kwa nini mwenyewe hajisikii? Na kuna tiba, au ndiyo nihamie sebuleni? Nina miaka 46, kitambi kipo cha wastani, sigara sivuti.

Mbishi_Namba1

Mkuu, acha kujitesa. Anayekoroma ndiye aliyelala. Umechoka, umelala usingizi wa pono, mwili unajitengeneza. Mwenye shida ni huyo asiyelala, mtafutie pamba za masikio. Uzi ufungwe.

Bwenini

Mbishi kaamka nao leo 😂 Mkuu mleta mada, pole. Sisi chumba chetu tuko sita, wawili wanakoroma kwa kupokezana, kama wamepangiana zamu.

Fundi_Tarumbeta

Napiga tarumbeta, kwa hiyo habari za pumzi na mtetemo ni za kila siku kwangu. Watu hudhani tarumbeta ndiyo inayolia. Hapana, zinazolia ni midomo ya mpigaji; unaibana, unapuliza, inatetemeka, na lile bomba linakuza tu. Kukoroma ni hivyo hivyo, ila hiyo "midomo" iko ndani ya koo.

Pitisha ncha ya ulimi kwenye paa la kinywa chako kutoka kwenye meno kwenda nyuma. Mbele ni pagumu, pana mfupa. Ukirudi nyuma utafika panapobonyea: hilo ndilo kaakaa laini, na mwisho wake kinaning'inia kile kinyama, kidakatonge. Kuanzia hapo kushuka nyuma ya ulimi hakuna mfupa wa kushikilia njia. Pua ina kuta za mfupa na gegedu. Bomba la hewa shingoni lina pete za gegedu, ukigusa utazihisi. Ila kile kipande cha katikati ni kama mfuko wa nyama, na kinachouacha wazi ni misuli inayokaza bila wewe kujua.

Sasa ukilala misuli inalegea na mfuko unajikunja kidogo. Hewa unayohitaji ni ile ile lakini mlango umekuwa mwembamba, kwa hiyo inapita kwa kasi. Na hewa ikienda kasi, msukumo wake kwenye kuta unapungua, kuta zinavutwa ndani. Zikikaribiana zinaachia, zinavutwa tena, makumi ya mara kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo meza yako inayoburutwa.

Kama huamini, chukua puto lililojaa upepo. Uachie mdomo wake wazi, upepo unatoka kimya. Uvute mdomo huo pembeni uwe mwembamba, puto linapiga kelele mpaka jirani achungulie.

Bwenini

Nimejaribu kukoroma kwa makusudi ili nisikie panapotetemeka. Bahati mbaya nilikuwa maktaba.

Nesi_wa_Zamu

Fundi amelimaliza swali la kwanza, mimi hapo siongezi kitu. Nafanya kazi kitengo cha masikio, pua na koo, na swali la pili nalisikia kila wiki.

Kwa nini hujisikii: sikio halifungwi usiku, ubongo ndio unaochuja. Sauti uliyoizoea unaiacha ipite, ndiyo maana mama anaweza kulala kwenye ngurumo ya radi akaamshwa na mtoto anayelia kidogo. Tena, wakoromaji wengi huamka kweli kwa sauti yao au kwa kukosa pumzi, ila ni kwa sekunde chache, na kuamka kufupi namna hiyo hakubaki kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo "mimi sijawahi kujisikia" si ushahidi, ndugu yangu. Shahidi ni yule wa upande wa pili wa kitanda.

Lakini mleta mada, mimi meza yako haijanishtua. Kilichonishtua ni neno moja uliloliandika: "Kimya." Nakuomba uisikilize tena ile rekodi, uhesabu sekunde za huo ukimya. Halafu unijibu na haya: usiku unaamka kukojoa mara ngapi? Unaamka na kichwa kinauma au mdomo umekauka? Ukikaa kimya mchana unasinzia? Presha ikoje? Na chukua futi ya fundi cherehani upime shingo.

Mbishi_Namba1

Nesi, unamtisha mtu. Babu yangu alikoroma maisha yake yote na alifika miaka 90. Na shingo imeingiaje hapa, tunamshonea shati?

Nesi_wa_Zamu

😂 Sijasema kila mkoromaji ni mgonjwa. Wengi wana kelele tu, hawana zaidi. Babu yako huenda alikuwa mmoja wao. Shingo nauliza kwa sababu mafuta hayakai tumboni peke yake, yanajaa pia pembeni mwa koo na hata ndani ya ulimi wenyewe. Mwanaume akizidi sentimita 43, au mwanamke 41, tunaanza kumwangalia kwa makini zaidi. Ila wapo wembamba wanaokoroma vibaya kwa sababu ya taya dogo lililorudi nyuma: ulimi wa kawaida, nyumba ndogo.

Popo_wa_Usiku

Swali la kijinga: kwa nini nikilala chali nakoroma na nikilala ubavu natulia?

Fundi_Tarumbeta

Si la kijinga hata kidogo. Ukilala chali, ulimi na kaakaa laini vinaangukia nyuma kwa uzito wake, mlango unazidi kuwa mwembamba. Ubavuni vinaangukia pembeni.

Kuna jambo moja nililipenda sana hapa. Mwaka 1998 wanaanga watano walipimwa usingizi wao duniani kabla ya kuruka, wakapimwa tena wakiwa angani ndani ya chombo, ambako hakuna kulala chali wala kifudifudi kwa sababu hakuna uzito. Duniani walikuwa wakikoroma karibu asilimia 16 ya muda wa kulala. Angani haikufika hata asilimia 1. Koo ni lile lile, kilichoondoka ni uzito tu.

Kwa hiyo mleta mada, tiba ipo, tafuta chombo.

Dada_Asiyelala

Mimi nimo upande wa pili wa kitanda, miaka saba sasa. Kiwiko changu cha kushoto kina kazi rasmi. Niliposoma kwamba chali ndiyo mbaya, nikachukua fulana yake ya kulalia, nikashona mfuko mgongoni, nikatia mpira wa tenisi. Akigeuka chali mpira unamchoma, anarudi ubavu. Siku tatu nililala kama mtoto. Siku ya nne nasikia ngurumo, nawasha taa, mwenzangu yuko chali, kifua wazi, fulana iko chini ya kitanda na mpira wake. Asubuhi hakumbuki aliivua saa ngapi!

Sasa ninamwekea mto mrefu nyuma ya mgongo. Huo kidogo hajaushinda.

Popo_wa_Usiku

😂😂 Huyo hata akienda angani atakoroma.

MamaPacha

Naomba niingize la watoto. Nina pacha wa miaka minne. Mmoja alikuwa akikoroma kama mzee, mwingine kimya. Ndugu wakija wanacheka, wanamrekodi, "angalia katoto kanakoroma". Mimi nikacheka nao mwaka mzima. Kilichonifungua macho ni jinsi alivyokuwa akilala: shingo ameikunja kurudi nyuma, mdomo wazi, mto umelowa jasho. Na mchana hasinzii, ni mtundu kupita kiasi, hatulii dakika mbili, na kukojoa kitandani kulimrudia. Nani angeunganisha hayo na kukoroma? Kupelekwa kwa daktari, mafindofindo yanakaribia kugusana katikati, na tezi za nyuma ya pua nazo zimevimba. Akaondolewa vyote. Siku ya kumi hivi niliingia chumbani usiku nikashindwa kujua yupi ni yupi kwa sauti.

Nesi_wa_Zamu

Asante sana mama, hili ningelisahau. Mtoto kukoroma kidogo akiwa na mafua si neno. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku hata bila mafua apelekwe akaangaliwe. Hayo mafindofindo na tezi huwa makubwa kulingana na koo kwenye umri huo huo, tangu miaka miwili hadi kwenye saba au minane. Na kweli, mtu mzima akikosa usingizi anasinzia, mtoto anachachamaa. Wengi wanaitwa watukutu darasani kumbe hawalali.

Binti_Hamsini

Mbona mnaongea kama hili ni la wanaume peke yao? Mimi nakoroma na sitaki kusema uongo. Nilianza kwenye ujauzito wa pili, miezi ya mwisho, kukoroma kukaisha baada ya kujifungua. Sasa hedhi imekoma, kumerudi, na safari hii hakujaondoka. Tatizo ni aibu. Mwanaume akikoroma ni kichekesho cha sebuleni, mwanamke akikoroma anaficha hata kwa daktari. Nimewahi kusafiri na wenzangu kikazi tukalazwa wawili wawili, nikakaa macho mpaka mwenzangu akalala kwanza.

Nesi_wa_Zamu

Dada yangu, hujakosea hata nukta. Homoni za kike husaidia kuamsha misuli ya koo na kuchochea upumuaji, ndiyo maana kabla ya hedhi kukoma wanawake wanaokoroma ni wachache kuliko wanaume, na baada ya hapo pengo linapungua. Mimba nayo inavimbisha utando wa pua na kuongeza uzito. Wajawazito wanaonisoma: kama umeanza kukoroma ukiwa mjamzito, mwambie mkunga wako. Kunaenda sambamba na presha ya mimba mara nyingi kiasi kwamba si jambo la kunyamazia.

Na wanawake wengi hawaji wakilalamikia kukoroma. Wanakuja na uchovu, kichwa, kukosa usingizi, wanapewa vitamini na kuambiwa wapumzike.

Mzee_wa_Mto (mleta mada)

Nimerudi, na mzaha umeniisha.

Nimesikiliza tena, na saa mkononi. Kimya kirefu kuliko vyote ni sekunde 31. Thelathini na moja! Nilijaribu nikiwa macho kubana pumzi muda huo, ilipofika ishirini na kitu nikaanza kuhangaika. Na si mara moja; katika saa moja ya rekodi nimehesabu zaidi ya mara ishirini, nikaacha kuhesabu.

Kukojoa: mara tatu, mara nyingine nne. Nilihisi ni sukari, nikapima, iko sawa. Nikadhani ni tezi dume. Presha ninayo, nakunywa dawa mbili na bado inagoma. Kusinzia ndiyo usiseme, nasinzia kwenye vikao, nasinzia nikisubiri taa za barabarani. Mwaka jana nilienda mahali kulalamikia uchovu, nikaandikiwa vidonge vya usingizi. Mke wangu anasema kipindi kile ndipo nilipokoroma vibaya zaidi. Shingo ni 44.

Nesi_wa_Zamu

Ndugu yangu, vidonge vile kama bado unavyo usivimeze tena kabla daktari hajayajua haya. Vidonge vya usingizi vya aina nyingi hulegeza misuli, kama pombe inavyofanya. Unailegeza zaidi misuli ile ile ambayo tatizo lake ni kulegea.

Unachokieleza kinaitwa kukatika kwa pumzi usingizini. Koo halijawa jembamba tu, limejifunga kabisa. Kifua na tumbo vinavuta, hewa haiingii. Hapo hakuna kelele kwa sababu hakuna hewa ya kutetemesha chochote, ndiyo maana nilikuuliza habari ya ukimya. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, unakuamsha nusu nusu, misuli inakaza, "khaaa!". Unalala, inalegea, na mzunguko unaanza upya. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi tunaihesabu. Mtu mzima akipata matukio 5 hadi 15 kwa saa ni hali ya chini, 15 hadi 30 ya kati, yakizidi 30 ni kali.

Hata mkojo una maelezo. Ukivuta pumzi kwenye koo lililofungwa, msukumo ndani ya kifua unashuka sana na vyumba vya moyo vinatanuka. Moyo unadhani mwili umejaa maji kupita kiasi, unatoa homoni ya kuziambia figo zimwage. Wanaume wangapi wanahangaikia kibofu na tezi dume wakati mwizi yuko kooni! Na presha isiyosikia dawa ni mwenzake wa karibu. Kila ukikabwa mwili unajaa homoni za kupambana, usiku mzima, kila usiku.

Kapimwe usingizi. Zipo hospitali zinazokulaza na waya kichwani na kifuani, na vipo vifaa vidogo vya kwenda kulala navyo nyumbani. Na mpaka hapo usishike usukani ukiwa na usingizi. Hilo la taa za barabarani limenitisha kuliko sekunde 31.

Mbishi_Namba1

Sawa, tufanye ni kweli. Je, zile dawa za kupulizia kooni na vile vibanio vya pua vinavyouzwa mitandaoni?

Nesi_wa_Zamu

Inategemea mlango mwembamba uko wapi. Weka kidole shavuni kando ya pua, vuta ngozi kuelekea sikioni, uvute pumzi kwa pua. Ukiona hewa imefunguka sana, tatizo lako lina upande wa pua, na ile plasta ya kunyanyua pua huenda ikakusaidia, au tiba ya mzio. Kama hakuna tofauti, pua usiilaumu. Dawa za kupulizia sijawahi kumwona mtu zilizomsaidia kwa maana ya kusaidia.

Vinavyosaidia wakoromaji wa kelele tu: ubavu, kuacha pombe saa za jioni, kupunguza uzito kama umezidi. Kuna kifaa cha kung'ata usiku, daktari wa meno anakitengeneza kwa umbo la meno yako, kinasogeza taya la chini mbele kidogo na ulimi unafuata. Upasuaji wa kukata kaakaa upo, unauma, na kwa wengine kelele hurudi baada ya miaka.

Fundi_Tarumbeta

Ongeza na hili la wanamuziki. Mwaka 2006 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha utafiti wa Uswisi: wagonjwa 25 wa kukatika kwa pumzi, hali ya kati, kundi moja lilifundishwa kupiga didgeridoo, lile zumari refu la wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Wakapungua kusinzia mchana, na wenza wao wakalala vizuri zaidi. Upigaji wake unakaza koo muda wote. Mwaka 2017 wakapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, kipengele cha amani. Amani ya chumbani, nadhani.

Dada_Asiyelala

Kwa hiyo nimtoe kwenye kukoroma usiku nimpeleke kwenye kupuliza bomba mchana? Hapana, asanteni.

Bwenini

Kuna Mswidi alipimwa hospitali ya Örebro mwaka 1993 akafikisha desibeli 93, kama mashine ya kukata nyasi. Wenzangu wa chumba wana safari ndefu.

Mzee_wa_Mto (mleta mada)

Wakuu, wiki ya saba hii, nimeona nisiuache uzi yatima.

Nilipimwa. Matukio 38 kwa saa. Daktari alinionyesha mstari wa oksijeni, ulikuwa kama meno ya msumeno. Nimepewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Ule upepo ndio unaolizuia koo lisijifunge, kama unavyoutia upepo mpira ulionywea. Wanasema daktari Colin Sullivan wa Sydney ndiye aliyeileta, akaitangaza mwaka 1981.

Sitawadanganya, usiku wa kwanza niliing'oa saa nane nikaitupa. Wa pili nikavumilia kwa muda wa saa tatu. Pua ilikauka mpaka walipoongeza chombo cha maji ya mvuke. Mtoto wangu wa mwisho ananiita rubani. Ila wiki ya tatu niliamka, nikaona dirishani kumekucha, nikashtuka nikidhani nimeumwa, kumbe sikuamka kukojoa hata mara moja. Presha imeanza kushuka, dawa bado nakunywa zote mbili.

Tatizo lililobaki ni ndevu. Barakoa inavuja pembeni, inapuliza upepo jichoni. Ninyoe?

Nesi_wa_Zamu

Hongera sana! Kabla ya wembe, omba ujaribishiwe ile ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua tu, haigusi ndevu. Kama unalala mdomo wazi waambie mapema.

Mbishi_Namba1

Nesi, hiyo shingo inapimwa juu ya kikoromeo au chini yake?

Nesi_wa_Zamu

Chini yake kidogo, futi iguse ngozi bila kubana. Kwa nini?

Mbishi_Namba1

Futi sina. Nimezungusha waya wa chaji, nimeulaza kwenye rula ya mtoto ya sentimita 30, nimerudia mara mbili. Inanipa rula moja na nusu.